Ada ya huduma ya fleti Malindi: kwa nini inakaribia mara tatu ya ile ya Nairobi?

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi na mumewe Kasarani, Nairobi, ameniandikia kuhusu fleti ya vyumba viwili wanayokusudia kuinunua hapa Malindi, ndani ya makazi yenye geti na bwawa la kuogelea karibu na barabara ya Casuarina. Wanakoishi sasa wanalipa ada ya huduma ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Huku wametajiwa shilingi 17,500, na dalali amewaambia tu kwamba ndiyo bei ya pwani. Anauliza mambo matatu: kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho, je, ada inaweza kupandishwa wakati wowote bila wao kukubali, na je, wanaweza kusamehewa ada kwa ile miezi watakayokuwa wamerudi bara kuwaona wajukuu.

Mwalimu, nitakujibu kama mtu ambaye kazi yake ni kusimamia majengo ya aina hiyo katika mji huu. Kiasi cha 17,500 chenyewe hakinitishi, wala hakiniambii kitu. Ninachotaka kukijua kabla hujatoa hata shilingi moja ya rubuni ni wenye fleti wangapi wanailipa kweli, na ni kiasi gani kimebaki katika mfuko wa akiba wa jengo. Nimeona makazi yanayotoza ada kubwa yakiwa salama, na nimeona yanayotoza ada ndogo ya kuvutia wanunuzi yakiwa na pampu iliyokufa, geti linalofungwa kwa mnyororo na paa linalovuja, huku kila mwenye fleti akimtazama mwenzake.

Tuanze na tofauti ya Nairobi na Malindi. Ada ya Kasarani, kwa jinsi ulivyoieleza, hulipa mlinzi, uzoaji wa taka, taa za ngazi na mtu wa kufagia. Hayo yote utayakuta hapa pia, tena kwa mishahara isiyopishana sana. Kinachoongezeka ni bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi mwaka mzima, na chumvi hiyo hula kila chuma kisichotunzwa: bawaba za geti, nyaya za uzio wa umeme, vishikio vya taa za nje, mota za pampu, reli za ngazi. Kifaa ambacho Nairobi hukisahau kwa miaka mingi, hapa hupakwa rangi ya kuzuia kutu mara kwa mara na bado hubadilishwa mapema. Utakapokuja kuitazama fleti, usiishie sebuleni. Mwombe mlinzi akufungulie kijumba cha pampu, utazame parafujo zinazoishikilia pampu kwenye sakafu. Zikiwa zimevimba kwa kutu hata spana haiwezi kuzishika, basi fundi hajaifungua pampu hiyo kwa muda mrefu, na siku itakapokwama haitatengenezwa, itanunuliwa mpya.

Jambo la pili ni maji. Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na huvutwa kwa umeme safari ndefu hadi mjini. Umeme ukikatika huko, au bomba kubwa likipasuka njiani, mabomba yetu hukauka. Kwa hiyo makazi yanayojiheshimu huwa na matangi makubwa ya chini, na mengine yana kisima chao, ambacho karibu na ufuo mara nyingi hutoa maji ya chumvi yasiyofaa kunywa wala kupikia chai. Bomba likikauka kwa siku kadhaa, msimamizi huita boza, yaani lori la kuleta maji. Gharama ya boza ni miongoni mwa mambo yanayozua ugomvi mkubwa kwenye mikutano ya wenye fleti, kwa sababu haitabiriki, na kwa sababu fleti inayokodishwa kwa watalii wanane kila wiki hutumia maji ambayo wastaafu wawili hawatayamaliza kwa mwezi. Uliza kama kila fleti ina mita yake ya maji. Kama haina, sehemu ya hizo 17,500 itakuwa ni maji wanayooga wageni wa jirani yako, na utaendelea kuyalipia mpaka mita zifungwe.

Ongeza hapo bwawa la kuogelea, ambalo linahitaji dawa, umeme wa kuchuja maji na mtu wa kulihudumia hata pasipo muogeleaji. Ongeza jenereta na mafuta yake, na gari la kunyonya maji machafu, kwa kuwa majengo mengi ya ufuoni hutegemea matangi yao wenyewe ya maji taka. Ongeza pia mtunza bustani.

Kisha kuna paa. Umeandika kwamba jengo limeezekwa kwa makuti na kwamba mumeo amelipenda kwa ubaridi wake. Hajakosea; paa la makuti lililoinuliwa vizuri hupitisha hewa namna ambayo mabati hayawezi. Lakini makuti huchakaa. Makuti ya viungo, yale yanayoshonwa kwenye ufito na kupangwa safu juu ya safu, huanza kudhoofika upande unaopigwa na mvua na upepo, hasa ya kusi, na dalili yake huonekana kwa ndani kabla ya nje. Simama chini ya paa mchana wa jua kali utazame juu: ukiona nukta za mwanga zimetapakaa kama nyota, paa hilo limebakiza muda mfupi. Ukiweza kulifikia ukingoni, shika kuti moja kwa vidole. Lililo zima hupinda, lililokwisha husagika. Tazama na boriti pia, kama zina njia za udongo za mchwa. Tena makuti hushika moto upesi, jambo linaloifanya bima ya jengo kuwa ghali zaidi kuliko ya paa la vigae, na bima hiyo hulipwa kutoka kwenye ada yenu.

Ninakaa sana kwenye paa kwa sababu hapo ndipo ada ndogo huwaumbua wenye fleti. Chukua mfano wa kukisia. Jengo lina fleti 20, na kuezeka upya kunagharimu shilingi 1,200,000 kila baada ya miaka minane. Kila fleti inadaiwa 60,000 kwa kipindi hicho, yaani shilingi 625 kwa mwezi. Hizo 625, zikiwekwa kila mwezi katika akaunti ya akiba isiyoguswa kwa mishahara wala mafuta ya jenereta, humaliza tatizo zima. Zisipowekwa, mwaka wa nane utaletewa barua ya mchango wa dharura wa 60,000 kwa mkupuo, nawe ukiwa umenunua miezi mitano tu iliyopita na hukulitumia paa hilo kwa miaka saba iliyolichakaza. Mnunuzi mpya ndiye anayeumia zaidi na ukosefu wa akiba, na ndiyo sababu muuzaji hana haraka ya kukueleza habari zake.

Sasa tuitazame hesabu ya walipaji. Malindi ni mji wa msimu. Wenye nyumba wengi wanaishi ng'ambo, hasa Italia, nao huja kati ya Desemba na Machi, wengine mwezi wa Agosti. Mvua za masika zinapoingia, baadhi ya makazi hubaki na walinzi na paka. Mtu aliye mbali, ambaye fleti yake haijapata mgeni tangu Pasaka, huiona ada kuwa jambo la kusubiri. Tuseme bajeti ya jengo letu la mfano ni 350,000 kwa mwezi, ambayo kwa fleti 20 zilizo sawa ndiyo hiyo 17,500 yako. Wenye fleti sita wasipolipa, kinachoingia ni 245,000, na pengo ni 105,000. Pengo hilo wakibebeshwa wale 14 wanaolipa, kila mmoja ataongezewa 7,500, na ada yako itakuwa 25,000 bila huduma yoyote kuongezeka. Kwa kawaida msimamizi hathubutu kuongeza hivyo. Badala yake huchota akiba, halafu huahirisha matengenezo, halafu huwacheleweshea walinzi mshahara. Mlinzi ambaye hajalipwa kwa miezi miwili halindi, na simlaumu.

Kwa hiyo omba karatasi. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, bajeti ya mwaka huu, orodha ya madeni ya ada hata kama majina yamefutwa na kubaki namba za fleti, taarifa ya benki ya mfuko wa akiba, kumbukumbu za mikutano mikuu miwili ya mwisho na nakala ya bima ya jengo. Soma kwanza kumbukumbu za mikutano, maana hesabu huweza kupambwa, bali watu wakikutana hulalamika wazi, na malalamiko huandikwa. Ukiletewa kumbukumbu kwa Kitaliano, dai tafsiri kabla ya kusaini chochote. Na kama ada imetajwa kwa yuro, dai iandikwe ni kiwango gani cha ubadilishaji kinachotumika na kwa tarehe gani, kwa sababu pensheni yako inakuja kwa shilingi.

Swali lako la pili, la kupandisha ada, linategemea ni nani anayemiliki vile mnavyovitumia kwa pamoja: ngazi, paa, bwawa, njia, kisima. Hapa mtu anayetoka Nairobi huweza kujikwaa, kwa kudhani kwamba kila jengo liko chini ya mpango uleule.

Kenya ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo na kuchukua mahali pa ile ya 1987. Chini ya sheria hii, mpango wa jengo ukisajiliwa, kila fleti hupata hati yake, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika moja linalochagua bodi ya usimamizi. Ni wajibu wa shirika kuvitunza vitu vya pamoja, kulikatia jengo bima na kutoza michango ya wenye sehemu kulingana na uwiano uliosajiliwa wa kila sehemu. Uwiano huo ni muhimu. Mwenye fleti ya vyumba viwili chini hapaswi kulipa sawa na mwenye fleti kubwa ya juu yenye baraza mbili, ikiwa uwiano wao kwenye mpango hautoshani. Mwambie wakili wako akuonyeshe uwiano wa fleti yako, kisha uuzidishe mwenyewe kwa bajeti ya mwaka na ugawanye kwa miezi 12 uone kama unaifikia 17,500. Usipoifikia, uliza kwa maandishi ni kwa nini.

Katika mpango huu ada hupanda kwa njia inayoonekana: bajeti inaandaliwa, mkutano unaitwa, wenye sehemu wanapiga kura, nawe una kura yako. Huenda usipende matokeo, lakini utakuwa umekuwepo chumbani. Ukiona umeonewa, sheria imeweka kamati ya kusuluhisha migogoro ndani ya shirika lenyewe, na zaidi ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa hapahapa Malindi.

Makazi mengi ya zamani ya ufuoni hayakuanzishwa hivyo. Yalijengwa chini ya kampuni: kampuni ndiyo yenye hati mama, yaani hati moja ya ploti nzima, wanunuzi walipewa mikataba ya muda mrefu ya upangaji, na kila mmoja aliahidiwa hisa katika kampuni ya usimamizi. Sheria ya 2020 ilitaka mikataba ya namna hiyo ioanishwe na mpango mpya ndani ya miaka miwili, ila utakuta majengo ambayo bado hayajafanya hivyo. Kama fleti yako ni ya aina hii, kupanda kwa ada kunategemea maneno ya mkataba wa upangaji, na mikataba mingine humpa mkurugenzi wa kampuni uwezo wa kupanga ada peke yake. Wakili achukue kutoka kwa Msajili wa Makampuni ile taarifa iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa ni nani leo. Wenye fleti wakiwa wameandikwa humo kama wenye hisa, vema. Ukikuta mjenzi wa awali ameandikwa peke yake, miaka mingi baada ya kuuza fleti zote, basi ada yako, kisima chako na hata ruhusa yako ya kuuza viko mkononi mwa mtu mmoja. Ningekushauri usinunue hapo mpaka jambo hilo lirekebishwe, hata kama bei ya fleti ni ya kutamanisha.

Katika ukaguzi huohuo wakili aangalie kodi za ardhi. Jengo lenye hati mama moja hupata dai moja la kodi kutoka Kaunti ya Kilifi kwa ploti nzima, na kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, kuna kodi ya ardhi juu yake. Wasimamizi wengine huingiza kodi hizi ndani ya ada, wengine huzigawa kando mwisho wa mwaka, na wapo wanaozisahau, deni likakua kimyakimya mpaka siku mtu anapotaka kuhamisha umiliki na kukosa hati ya kuthibitisha kwamba ploti haidaiwi. Ukinunua kutoka kwa mtu asiye raia, ukumbuke pia kwamba Katiba ya 2010 haimruhusu kushika ardhi zaidi ya kipangisho cha miaka 99. Uliza imebaki mingapi, maana sheria ya sehemu hutaka kipangisho kisichopungua miaka 21 ili jengo lisajiliwe chini yake.

Kuna jambo moja katika tangazo ulilonitumia ambalo sipendi kulipita. Limeandikwa kwamba ada inajumuisha "ufuo wa binafsi". Ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma chini ya Ibara ya 62 ya Katiba. Hakuna makazi yanayoweza kukuuzia mchanga huo au kukutoza kwa kuumiliki. Ada inaweza kulipia mlinzi anayekaa kwenye kigeti cha nyuma, vitanda vya kupumzikia na mtu wa kuokota mwani na taka, na hayo ni halali. Isilipie kuwafukuza wavuvi na watoto wa mji wanaopita hapo, kama walivyopita wazazi wao. Bodi ikigharamia kesi au ukuta wa kuziba njia ya umma, itakuwa inatumia fedha zako katika shauri baya, nawe una haki ya kulipinga mkutanoni.

Swali la tatu, la miezi ambayo hamtakuwepo, lina jibu fupi: hapana, ada haisimami. Mlinzi hukesha uwe upo au haupo, na paa huliwa na upepo vilevile. Deni la ada huifuata fleti, na sheria hulipatia shirika uwezo wa kulidai. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kukamilisha ununuzi mdai muuzaji barua iliyosainiwa na bodi au kampuni ya usimamizi ikisema kwamba fleti hiyo haidaiwi ada mpaka tarehe ya kukabidhiwa, na wakili wako abakize sehemu ya malipo mpaka barua hiyo ipatikane. Mimi husisitiza barua iwe na muhuri na tarehe, isiwe ujumbe wa simu kutoka kwa dalali.

Kinachoweza kupungua mkiwa mbali ni matumizi yenu ya ndani, ikiwa mita zenu ni za peke yenu. Lakini msifunge fleti kabisa. Nyumba ya pwani isiyopata hewa kwa miezi miwili huota ukungu kabatini na kutu kwenye friji, kwa hiyo tengeni fedha kidogo, nje ya ada, za mtu mwaminifu wa kufungua madirisha na kufungulia mabomba mara moja kwa juma.

Ukiniuliza mlinganisho wa haki, usiilinganishe 17,500 na 6,000 ya Kasarani. Ilinganishe na nyumba ya peke yake hapa Malindi, tuseme Ngala au Maweni, ambako hakuna ada lakini mtamlipa askari wenu wa usiku, mtanunua tangi na pampu, mtaita boza na gari la maji machafu kwa gharama yenu, na mtaezeka paa lenu peke yenu. Kwa watu wawili wa umri wenu, wanaosafiri mara kwa mara, huenda makazi ya pamoja yakawa nafuu hata kwa kiasi hicho, mradi kuwe na akiba na walipaji.

Na kwa kuwa hamjaharakishwa na mtu, kodini kwanza fleti ndani ya makazi hayohayo kwa miezi miwili au mitatu, na mje mwezi wa Mei. Desemba kila jengo la ufuoni linapendeza: bwawa ni la buluu, jenereta imejazwa mafuta, wenye fleti wapo na wanalipa. Mei mvua kubwa inanyesha, kusi imeshika, na wenye nyumba wamekwenda zao. Mtaona wenyewe kama taa za njiani zinawaka usiku, kama mlinzi ni yuleyule mliyemkuta mwezi uliotangulia, na kama sakafu ya ghorofa ya juu imewekwa ndoo za kukinga maji ya paa.